Pikipiki Niliyoitengeneza Kwenye Banda la Kuku

Kabla hujanicheka, jua kwanza kwamba banda lile lilikuwa la mke wangu. Mabati manne yenye kutu, wavu upande mmoja, na harufu ya kuku ambayo hata leo, ukifunga mlango mchana wa jua kali, inakupanda puani. Siku aliyoondoka hapa Handeni kwenda kwao Vugiri kumuuguza mama yake, alinionyesha kuku wake mmoja mmoja, akaniambia yule mwekundu ana tabia ya kutagia nje, nimwangalie. Nikamwambia nenda zako kwa amani. Kuku gani wa kunishinda mimi, bwana shamba mstaafu, niliyewafundisha watu ufugaji miaka yote ile?

Walinishinda. Mdondo, ule ugonjwa unaomaliza kuku, uliingia, na mimi sikuwa nimewachanja. Mimi! Niliyekuwa nasimama mbele ya watu na kuwagombeza kwa kutochanja. Waliobaki nikampa jirani, na kwenye simu nikawa nasema kuku hawajambo.

Mkwe wangu aliugua zaidi ya mwaka. Watoto wetu wako Dar, wana maisha yao, wanapiga simu Jumapili. Nikabaki na nyumba. Sijui kupika ugali wa mtu mmoja, kila siku unabaki. Redio nilikuwa siisikilizi, nilikuwa naongea nayo. Mtangazaji akisema habari za asubuhi, namjibu nzuri, za kwako? Siku moja nilijikuta namsubiri anijibu. Nikaizima, nikakaa kitandani, nikaona haya nikiwa peke yangu chumbani.

Mkwe alifariki katikati ya masika. Simu ilikuja alfajiri, na maziko yalikuwa alasiri, kama ilivyo kawaida yetu. Nikapanda gari mpaka Korogwe, pale nikachukua bodaboda. Lami ilipoisha tukaanza kupanda, na barabara ilikuwa uji. Kona ya tatu tukaanguka, cheni ikakatika, kijana wa watu akakaa kando ya njia akishika goti. Nikaendelea kwa miguu. Giza likanikuta njiani, watu wema wakanilaza kwao, nikafika asubuhi ya pili nikiwa na tope mpaka kiunoni. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Mimi mkwe mwanaume, mume wa binti yake, sikutia hata koleo moja la udongo.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alinipa mkono akasema, "Karibu, shemeji. Umefika." Basi. Mke wangu akasema, "Pole na njia." Angenitukana ningefurahi.

Arobaini ikapita, hakurudi. Hatukugombana, naomba hilo lieleweke. Nikimuuliza kwa simu anarudi lini, ananiambia kuna maharage ya mama hayajavunwa. Yakivunwa, kuna migomba ya kupalilia. Mpaka siku moja shemeji akaichukua simu mkononi mwake. "Shemeji," akasema, "mwanamke hafuatwi kwa simu. Njoo."

Alikuwa na haki. Mke akienda kwao kuuguza, mume humfuata. Anakwenda, anakaa kwenye kiti, anawashukuru wakwe, nao wanamruhusu. Gari zipo, bodaboda zipo, lakini mimi niliyechelewa maziko, niende tena nimeshika kiuno cha kijana wa watu, tuanguke tena kona ya tatu? Thubutu! Niliapa nitakwenda kwa chombo changu mwenyewe, tena masika yakirudi, mvua inyeshe inavyotaka.

Pikipiki nazijua. Nilipoanza kazi nilipangiwa Korogwe, milima ya Bungu na Vugiri, na serikali ilinipa pikipiki ndefu ya kijani, ya tairi za meno, iliyopanda popote mbuzi anapopanda. Kwa pikipiki ile ndiyo nilimpata mke wangu. Mimi Mzigua wa tambarare, yeye Msambaa wa juu kule, nampa lifti kutoka sokoni. Alikuwa anakaa nyuma yangu kiupandeupande, kanga ameikaza, boksi la miche mapajani, na kila kona ananipiga ngumi ya mgongo kwamba napeleka kasi.

Watoto walinitumia simu kubwa ya kuangalia video. Humo ndimo nilimokutana na hizi wanazoziita skrambla. Wazungu wenye ndevu, kila mmoja na banda lake nyuma ya nyumba, wanachukua pikipiki ya kawaida, wanaivua nguo zote, wanaipandisha juu, wanaivisha tairi za meno. Nikaangalia moja, nikaangalia kumi. Nikajisemea, banda ninalo.

Mzoga wa pikipiki niliupata Kang'ata, kwa mtu aliyekuwa anabebea mkaa. Fremu imepinda kwenye keria, madigadi yamefungwa kwa waya, lakini injini ilikuwa hai. Ukaletwa juu ya lori la mahindi. Nikafagia banda, nikatandika magunia, nikaanza.

Miezi minane. Kila siku, nikishakunywa chai, naingia bandani mpaka adhuhuri, nakula kiporo changu, narudi mpaka jua lipungue. Nilikwangua kutu kwa brashi ya waya mpaka vidole vikafa ganzi. Shokapu ndefu nilizitoa kwenye pikipiki nyingine iliyokufa. Eksozi niliipeleka Korogwe kwa fundi wa kuchomelea, akaipandisha ipite juu, ubavuni, isimeze maji ya madimbwi. Tangi nililipiga msasa, kisha rangi ya kijani, ile kijani ya serikali. Rangi ikiwa mbichi, unyoya mmoja mwekundu wa kuku ulidondoka kutoka kwenye boriti ukanasa palepale. Nilitaka kuubandua nikaogopa kuharibu. Nikauacha.

Kazi ya mwisho ilikuwa kukata mkia. Hizi skrambla uzuri wake uko kwenye ufupi wa nyuma. Ukiacha fremu yote na keria lake, utakuwa umepaka rangi bodaboda tu. Nikakaa juu ya fremu, nikajiweka sawa, nikapeleka mkono nyuma, nikachora mstari wa chaki pale makalio yangu yalipoishia. Nikashuka, nikachukua msumeno wa chuma, nikakata kwenye chaki. Kile kipande nikakitupa pembeni, kwenye kiota cha yule kuku mwekundu. Juu nikaweka siti ya ngozi nyeusi, fupi, imekaa sawasawa. Nilirudi nyuma hatua tatu nikaiangalia, na nilijisikia fahari, sitaki kudanganya.

Jirani yangu, dereva mstaafu wa malori, yule niliyempa kuku, alikuwa na desturi ya kupita jioni na kuegemea wavu. Siku hiyo akaiangalia kuanzia mbele mpaka nyuma.

"Mwe! Sasa mshikaki wa abiria utaupakia wapi?"

"Kwani umeniona mimi bodaboda?"

Akacheka mpaka akakohoa. Nikamnunia siku mbili, sikuitikia hata salamu. Na kwa kuwa siku hizo ndiye binadamu pekee niliyekuwa naongea naye, kwa siku mbili sikuongea na mtu.

Asubuhi niliyoipiga kiki ikawaka, sauti ilijaa bandani mpaka mabati yakatetemeka. Nikageuka haraka nimwambie mtu, "Umesikia?" Nyuma yangu kulikuwa na wavu. Nikaizima. Upweke wa kufurahi peke yako ni mbaya kuliko wa kula peke yako. Huo wa kula niliuzoea.

Masika yaliporudi nikampigia mke wangu. "Jumamosi nakuja kukufuata. Nakuja kwa pikipiki yangu, nimeitengeneza mwenyewe."

"Wewe?"

"Mimi."

"Na njia hii ilivyo?"

"Na njia hiyohiyo."

"Haya. Njoo salama." Na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani, nilikisikia kabisa.

Safari ile nitaikumbuka mpaka nakufa. Handeni hadi Korogwe lami tupu, mvua ya rasharasha, ng'ombe wa Wamasai wamesimama kando ya barabara wakinishangaa. Baada ya Korogwe nikapita mashamba ya mkonge, nikaacha lami, nikaanza kupanda. Tope lilikuwa lilelile. Nilisimama juu ya vikanyagio kama ujanani, nikaiachia mashine ifanye kazi niliyoitengenezea. Kona ya tatu kulikuwa na lori limezama, utingo wake wanachimba, nikapita pembeni yao kwenye majani, wakanipigia miluzi. Nilipiga kelele peke yangu, "Umeona? Umeona?" Nilipoanza kuona chai pande zote na baridi ikaingia shingoni, machozi yalikuwa yananitoka. Nikasingizia upepo.

Nikaingia uani kwa wakwe. Shemeji alikuwa barazani amevaa kanzu. Mke wangu alikuwa amesimama karibu naye, amevaa gauni lake la sikukuu, na miguuni pake lilikuwepo begi la bluu, lilelile aliloondoka nalo, zipu imefungwa.

Alishuka barazani akitabasamu. Akaweka kiganja kwenye tangi, akalipapasa, kidole kikafika kwenye unyoya. Akaukuna kwa kucha.

"Umeitengenezea bandani kwangu."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, bado anatabasamu, akazunguka taratibu. Taa. Eksozi. Tairi. Akafika nyuma, akasimama. Akapitisha kiganja hewani nyuma ya siti.

"Mwenzangu," akasema polepole, "na mimi nikae wapi?"

Ningesema lolote. Ningesema nimekosa, ningesema mimi mjinga, ningecheka. Nikasema nini? Nikasema, "Hii ni skrambla. Zinatengenezwa hivi."

Shemeji akageuza uso akatazama migomba.

"Ahaa," mke wangu akasema. Akapanda barazani, akachukua begi lake, akaingia nalo ndani.

"Nikuitie bodaboda imbebe dada?" shemeji akaniuliza kwa sauti ya chini.

Kabla sijajibu, sauti ya mke wangu ikatoka ndani, "Usimsumbue mtu, kaka."

Kisha akatoka na birika la kunawia na taulo. Akanimiminia maji mikononi. Akaniletea kiti chenye mto, akaniletea kikombe cha maua, kile kinachokaa kabatini. Akasema, "Karibu, usiogope baridi." Miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kunihudumia vizuri vile. Nilikuwa mgeni. Nikanywa chai yangu, nikawashukuru wakwe kwa maneno niliyokuwa nimeyaandaa tangu Handeni, wakapokea shukrani, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda popote. Mchana nikaaga.

Kuteremka nilikwenda polepole. Watu watasema nilimsahau mke wangu, hata wewe unasema. Sikumsahau. Miezi minane hiyo nilimuwaza kila siku, nilikuwa nakwangua kutu namuwaza. Ila nilikuwa namuwaza amesimama uani akiniona nafika. Hapo ndipo ndoto yangu ilipokuwa inaishia. Hata siku moja sikuwaza njia ya kurudi. Nilikuwa nimeishi peke yangu mpaka nikaanza kupima kila kitu kwa makalio yangu.

Nilipofika nyumbani niliingia bandani na nguo zangu za tope, nikakitafuta kile kipande cha fremu kwenye kiota cha kuku. Kilikuwepo, na alama ya chaki bado ikionekana. Wiki iliyofuata nikakipeleka Korogwe. Fundi akaniuliza, "Mzee, si ulisema unataka fupi?" Nikamwambia achomelee, asiniulize. Amechomelea, kovu linaonekana kama mguu uliovunjika ukaunga vibaya. Nimeweka siti ndefu na kishikio cha nyuma. Imekuwa mbaya, haifanani tena na yoyote ya kwenye video. Jirani yangu alijitolea kukaa nyuma tuijaribu, tukazunguka mpaka stendi na kurudi, akisema huu sasa ndio usafiri wa watu. Nikamkubalia, maana alikuwa anasema kweli.

Nikampigia. "Nimeweka siti."

"Ndefu?"

"Ndefu."

Nikasikia kuku wanalia huko kwao. "Mvua zikikatika tutaongea," akasema. Nilitaka kumwambia pikipiki imetengenezwa kwa ajili ya mvua. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaufunga mdomo.

Mvua zilikatika. Vumbi la Handeni limerudi, na siti ya nyuma bado ina nailoni yake. Nilikuwa nimeacha kusubiri simu yake, au nilikuwa najidanganya hivyo, hadi jana mchana ilipolia. Hakuzungumzia safari. Aliuliza yule kuku mwekundu bado anatagia nje.

Nikamwambia. Nikamwambia alikufa zamani, na wenzake wengi, kwa mdondo, kwamba sikuwachanja, na waliobaki nilimpa jirani, na kwamba muda wote ule nilikuwa namdanganya. Nilisema yote bila kupumua.

Akasema, "Nilijua. Unyoya ule ulikuwa wake." Kisha, "Hebu itoe hiyo pikipiki humo bandani."

Nimeitoa tangu jana ileile. Iko nje ukutani, nimeifunika gunia. Banda nimelifagia, nimeziba wavu palipotoboka, na leo asubuhi nimelifagia tena, ingawa halikuwa na uchafu wowote.