Nyumba ya Mama Kampire Yenye Miguu Sita

Ukitoka Sake kuelekea Minova, ukifika Shasha, tazama upande wa ziwa, pale mashamba ya mateke, magimbi ya huku, yanapoingia kwenye tope. Utaona nyumba ya mbao imesimama juu ya miguu sita, mbuzi wawili wamelala chini yake kwenye kivuli, na mama mwembamba ameketi kwenye ngazi anamenya mateke. Miguu ya nyumba hiyo ina majani, yote sita. Wapita njia husimamisha pikipiki kuuliza. Basi keti nikueleze, maana yeye mwenyewe akianza kueleza anacheka mpaka anapoteza njia.

Anaitwa Kampire. Alizaliwa Nyamitaba, kwenye ng'ombe na baridi, akaolewa huku chini na Sébastien, mtu wa mateke. Aliposhuka mara ya kwanza hakujua kutembea kwenye tope. Alizama mpaka magotini na mashemeji wakamcheka. Leo hakuna anayemshinda: ananyanyua mguu taratibu, anauweka taratibu, na tope linamwachia.

Kukimbia amekimbia mara nne. Unajua ni kukimbia gani, bunduki zikilia, sitakuchosha. Kila mara alirudi kwenye shamba lile lile. Mara ya nne yeye na Sébastien walikuta shamba tu, wakajenga upya kwa mbao, juu manjanja, yaani mabati. Miaka mitatu baadaye Sébastien akafa kwa ugonjwa, akazikwa nyuma ya migomba, mahali pa juu kidogo.

Kisha maji nayo yakaanza. Ziwa lilipanda, likasahau kushuka. Mwezi wa kumi na moja maji yaliingia mpaka chini ya kitanda. Mwanawe Gentil, anayechunga ng'ombe wa familia kule Nyamitaba na kuuza maziwa, akashuka kumwangalia. Akakuta sufuria zinaelea.

"Mama, unaona? Tuende ku mulima. Nyumba iko, maziwa iko."

"Nilihama mara ine juu ya batu," Kampire akasema. "Juu ya maji, hapana."

"Maji haiogopake maneno, Mama."

Walibishana mpaka chakula kikapoa. Mwishowe wakapatana hivi: Gentil atarudi mwezi wa tano, mvua ikifika mwisho. Akikuta sakafu kavu, na kikombe cha maziwa kilichojaa kikiwekwa sakafuni hakimwagiki, hatalitaja tena neno la kuhama. Kama sivyo, anafunga godoro kwenye pikipiki na mama anapanda nyuma. Kikombe kilikuwa wazo la Kampire. Kwao nyumba iliyopinda hupimwa kwa maziwa.

Sasa alikuwa amejifunga kwa mdomo wake mwenyewe, na hakujua afanye nini. Akarudi shambani kulima, kama mtu anavyofanya akikosa la kufanya.

Huko shambani kulikuwa na ndege wawili wa majini, weupe, mabawa meusi, miguu myekundu mirefu kama mabua. Walikuwa wametaga katikati ya tope, juu ya rundo dogo la majani makavu. Mvua ikanyesha siku mbili, maji yakapanda. Kampire akaenda kuwatazama akijua mayai yamekwisha. Akakuta jike amesimama juu ya mayai yake na dume analeta vijiti, na jike anavisukuma chini ya mayai kwa mdomo, kimoja kimoja. Kiota kilikuwa kimeinuka shubiri nzima. Hawakuhama. Walipandisha.

Aliacha jembe pale pale, akaenda kwa Isidore.

Isidore ni fundi wa mbao, mtu wa Walikale, aliyekuja Shasha kwa kumfuata mke. Kwao nguzo ni libuyu, mti wa msituni. Ukikatwa umekufa, na haubishani.

"Papa Isidore, nataka unipandishie nyumba."

"Niongeze chumba juu?"

"Hapana. Nyumba yote. Uiweke miguu."

Isidore akaitazama nyumba, kisha akaitazama miguu ya Kampire mwenyewe. "Kama yako, ao kama ya mutu wa kawaida?"

"Kama ya ndege."

Jirani yake Fifi, aliyekuwa akianika nguo, akasikia. "Mama Kampire, ukianza kutaga utuambie."

"Yai ya kwanza njo yako."

Jumamosi wanaume wa kwaya walikuja na magogo ya kuinulia, na dereva mmoja wa lori akaazimisha kriki yake, jeki ya kuinulia gari. Mwimbishaji akahesabu kwa wimbo, wenye sauti nzito wakasukuma, nyumba ikalia kama ng'ombe anayezaa, ikanyanyuka mpaka kiunoni. Isidore akachimba mashimo sita. Lakini nguzo za mkaratusi alizoagiza zilifika nne tu. Kwa zile mbili za mbele alichukua matawi mawili manene ya muvumu, ule mti wa kivuli uani kwa Fifi, yaliyokatwa wiki ile ile, akayasimamisha.

Wiki ya tatu nguzo za mbele zikatoa majani. Fifi alicheka mpaka akakaa chini. Isidore alikuja na panga, uso umemshuka.

"Kwetu fundi anapinduaka nguzo, kichwa chini, isikumbuke. Nilisahau. Acha nikate ile majani, batu banachekelea kazi yangu."

"Ile si kazi yako, ni kazi ya muti. Weka panga chini, Papa Isidore."

Mwezi wa tano Gentil akaja. Maji yalikuwa yamepita chini ya nyumba mpaka kipandio cha pili cha ngazi, kisha yakarudi. Pikipiki yake ilikuwa na kamba na kibidoni cha maziwa, nyuma hakupakia kitu. Akapanda, akagusa sakafu kwa kiganja: kavu. Akajaza kikombe mpaka ukingoni, akakiweka mlangoni. Kikatulia. Akakiweka katikati, kikatulia. Akakiweka kwenye pembe ya nyuma, karibu na kitanda. Maziwa yakaegemea upande mmoja, yakatiririka mpaka ukutani.

"Imemwagika, Mama."

"Nimeona."

Gentil akashuka. Nguzo ya mkaratusi ya pembe ile ilikuwa imezama, akaitikisa ikacheza. Akaenda mbele, akaitikisa ile yenye majani. Kama anatikisa mlima. Akafukua tope kwa vidole, akakuta mizizi, minene, imeshika ardhi pande zote.

"Hii iko muvumu?"

"Ya Fifi," mama akajibu toka juu.

Kule Nyamitaba babu yake alipanda muvumu kabla ya kujenga. Hata nyumba ikiungua, muvumu ukisimama watu wanajua hapo ni kwa mtu. Gentil alikuwa akifunga ndama kwenye muvumu huo tangu utoto. Akakunja kamba yake.

"Nitarudi kesho kutwa."

"Na pikipiki?"

"Na pikipiki."

Kampire akakunja godoro, maana neno ni neno. Akalifunga, akaliweka mlangoni, akalala juu ya mkeka. Mbuzi hakuwagusa.

Siku ya tatu pikipiki ikaja polepole, inayumba. Nyuma kulikuwa na matawi manne ya muvumu, manene kama paja, yamefungwa kwa magunia yenye maji. Yalikatwa kwenye mti wa babu.

"Kikombe ilimwagika," Kampire akasema.

"Njo maana nimeleta ine," Gentil akajibu.

Isidore akaitwa. Akatoa mkaratusi uliozama, akachukua tawi la kwanza, na mikono yake ya Walikale ikaanza kuligeuza.

"Papa Isidore," Kampire akamwambia toka kwenye ngazi, "kichwa juu. Hii nataka ikumbuke."

Kisha akaingia ndani kufungua godoro. Ng'ambo ya ua, Fifi alikuwa anauliza kama lile yai bado.