Pipa la Mawese la Mama Editha

Nakumbuka Jumatatu moja asubuhi pale Heru Juu, mwanangu, nilipompigisha magoti mtoto ambaye kosa lake lilikuwa kuuliza swali zuri. Kesho unapanda gari kwenda Gwarama kuanza ualimu, kwa hiyo kaa hapo nikueleze. Begi utalifunga baadaye.

Nilikuwa na umri kama wako, nimeletwa kazini kutoka Singida, na viatu vyangu vilikuwa vinang'aa kuliko akili yangu. Nilifundisha jiografia darasa la saba. Siku hiyo nilichora dunia ubaoni ikiwa imekatwa katikati: ganda jembamba la juu, hili tunalolimia mihogo na maharage, chini yake tabaka nene la miamba yenye joto kali, kisha kiini cha nje, chuma kilichoyeyuka, na katikati kabisa kiini cha ndani, chuma kigumu. Nilitumia chaki za rangi. Nilijipenda sana asubuhi ile.

Ndipo Editha, msichana mwembamba wa dawati la mbele, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mmejuaje, na hakuna aliyefika huko?"

Somo zima nilikuwa nimelikariri chuoni, na hakuna siku niliyojiuliza swali hilo. Darasa lote likanitazama, masikio yakaniwaka moto. Badala ya kusema sijui, nikasema, "Unanipima?" Nikamtoa nje, akapiga magoti kwenye changarawe mpaka kengele ilipolia. Kisha nikamwambia asikanyage darasani kwangu bila mzazi.

Hakurudi. Jumanne hakuwepo, Jumatano hakuwepo. Ijumaa mwenzake akaniambia kwamba shangazi yake wa Kibondo, mwenye mgahawa sokoni kule, amemtaka akamsaidie kazi, na Jumapili ataondoka. Mtihani wa kumaliza shule ulikuwa karibu. Nilijua vizuri kwamba mtoto akishazoea kuosha sahani za mgahawa, darasani haonekani tena. Nilijua, na bado nikakaza shingo, nikisema mzazi ndiye anayepaswa kunifuata mimi. Ujana ule, mwanangu, hata sasa unanitia hasira.

Jumamosi nikaenda gulioni kununua mawese. Mwenye mawese safi kuliko wote alikuwa Mama Editha, na mimi mboga bila mawese nilikuwa nimeshasahau kuila, kwa hiyo nikajikaza nikamwendea. Wewe umekulia huku, unajua baridi yetu inavyoyafanya mawese: yale mazito hushuka chini yakaganda, na yale mepesi mekundu hubaki juu. Yeye alikuwa na mapipa mawili yaliyoshushwa asubuhi hiyo kutoka bondeni, vifuniko bado vimekazwa.

"Mwidiwe, Mwalimu," akanisalimia, kwa heshima zote. Akaokota kijiti, akagonga pipa la kwanza kuanzia juu akishuka polepole, sikio karibu na bati. Akaweka kidole katikati. "Hili limeganda mpaka hapa. Ngoja nikufungulie lile lingine."

Nikamuuliza, bila kufikiri, "Mama, umejuaje, na hujafungua?"

Akasimama wima.

"Nimegonga, nikasikiliza. Palipo patupu panalia. Penye mafuta mepesi sauti inakuwa nzito. Yaliyoganda yananyamaza." Akajifuta mikono kwenye kitenge. "Mwanangu alikuuliza hivyohivyo, Mwalimu. Mimi sijakupigisha magoti."

Wanunuzi walikuwepo, na hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Niliondoka na chupa yangu tupu, nikapanda baiskeli mpaka Kasulu mjini, kwa mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuwa na kabati la vitabu. Sikuinuka hapo mpaka nimepata nilichokitafuta.

Kumbe dunia nayo hugongwa. Tetemeko linapotokea, kama haya yanayotutikisia sahani huku kwetu, mtikisiko wake husafiri ndani ya dunia, na watu wa mbali huupokea kwa mashine zao. Iko mitikisiko ya aina mbili inayopita chini kule. Mmoja hupita kwenye vigumu na vimiminika. Mwingine hauwezi kabisa kupita kwenye kimiminika. Wataalamu wakaona kwamba huu wa pili, ukielekea katikati ya dunia, haufiki upande wa pili. Hapo wakajua kuna kitu kilichoyeyuka kinachouzuia. Tena walishapima uzito wa dunia yote, wakakuta unazidi sana uzito ambao ingekuwa nao kama ingekuwa mawe haya ya juu peke yake. Basi kilicho kizito kilishuka kikakaa ndani.

Jumapili asubuhi nilifika kwao kabla ya kengele ya kanisa. Begi la Editha lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Nikamwambia mama yake kwamba nimekuja kuomba msamaha.

"Mwombe yeye," akasema, akaendelea kumenya mihogo.

Nikamgeukia yule mtoto. "Editha, nilikosea. Swali lako lilikuwa zuri, mimi ndiye niliyekuwa sijui."

Hakusema ameniwia radhi. Alisema, "Na jibu?"

Basi nikaomba kijiti, nikaliendea pipa lililobaki uani, nikafundisha pale pale, mbele ya kuku na majirani, somo nililopaswa kulifundisha Jumatatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na kile kigumu cha katikati kabisa, ndani ya kilichoyeyuka, kimejulikanaje?"

Hilo sikuwa nimelisoma. Masikio yakaanza tena kuniwaka moto.

"Sijui," nikasema. "Nitatafuta. Njoo kesho tutafute wote."

Mama yake akaacha mihogo, akalichukua lile begi, akalifungua kamba, akalirudisha ndani. Kesho yake Editha alikuwa dawati la mbele. Jibu tulilipata baada ya wiki mbili: mitikisiko hafifu ilisikika mahali ambapo haikutarajiwa, imegonga kitu kigumu ikarudi. Aliyelipata kitabuni ni yeye.

Basi, mwanangu, shika hili moja. Usifundishe jambo hata siku moja bila kujua limejulikanaje. Na siku utakayoulizwa ukakosa jibu, sema sijui, sema wazi, mbele ya darasa zima, kisha kalitafute. Hapo pagumu, najua. Mimi nilikaribia kumpoteza mtoto wa watu kwa neno moja lililonikwama kooni. Wewe usilikwamishe.

Nenda salama. Mungu akulinde njiani na akupe afya huko Gwarama. Akupe na wanafunzi wenye maswali magumu.