Kofia Moja, Sehemu Mbili za Kuficha

Ndugu zangu, chekeni sasa mumalize, maana nikianza sitaki kukatizwa: ndiyo, mimi ndiye yule mutu wa Kabambare aliyemwonyesha mama mukwe kila kitu isipokuwa uso.

Ilikuwa kiangazi, wakati wa Wabelgiji, nami nilikuwa moniteri wa pamba, yaani mutu wa kuwasumbua wenzake mashambani, na serikali ilikuwa imenipa kofia nyeupe ngumu kama ya wazungu (kijiji kizima hakikuwa na nyingine, na nadhani hata usingizini niliivaa). Nilikuwa nimemposa Zaina, baba yake akaniambia, "Mama yake atakuja alasiri kuangalia bustani yako. Kama mboga zimekauka, mutoto wangu atakula nini kwako? Utabaki na kofia yako." Na kwetu, mnajua, mukwe na mama mukwe wake hawaonani uso, kwa hiyo ilibidi niondoke kabla hajafika.

Kijito kilikuwa kimekauka, nimebaki na beseni moja la maji, mimi nanuka jasho, mboga zangu, lengalenga, nazo zinalegea, nikasema, kwa nini nisiogee humo humo katikati ya mboga, maji yanioshe mimi kisha yazinyweshe nazo? Akili hiyo! Nguo nikatundika kwenye ua, kofia nikabaki nayo kichwani (jua la saa sita, jamani), nikajipaka sabuni shingo hadi miguu, mara nasikia kitu kinakunywa maji. Kenge! Mkubwa, kiu imemtoa porini, kichwa ndani ya beseni langu na mkia upande wa nguo zangu. Nikapiga "Shii!" akanichapa mkia mguuni, nikalia "Mama yangu weee!" nikaruka ua, nikatua njiani mbele ya mama mukwe, ambaye hakungoja alasiri.

Sasa niwaulize, kofia ni moja, utafunika wapi? Adabu ya ukwe inasema uso. Nikafunika uso, nikijiambia hatanijua, mjinga mimi, nimejificha nyuma ya kofia ambayo Kabambare nzima inaijua!

Yeye hakuruhusiwa kusema nami, kwa hiyo akaugeukia mupapai uliokuwa pale, akauambia kwa heshima zote, "Ee mupapai, umwambie mwenye kofia aishushe." Nikaishusha haraka, na hapo tukaonana uso kwa uso. Akaguna, akanipita, akaingia bustanini na jembe lake, nikasikia pigo moja tu, kenge kwisha.

Nilijua Zaina amenipotea, nikalia kweli, sifichi. Jioni baba yake akaniita. "Mama yake anasema wewe ni mwoga, na utaleta kuku mmoja wa kumsafisha macho. Lakini lengalenga yako imelowa maji, iko kijani. Mutoto wetu hatalala njaa."

Tangu siku ile siogi tena nje, hata maji yawe kikombe kimoja. Na mpaka leo nikiingia bafuni, Zaina, bibi yangu mwenye mvi, anauambia ukuta, "Ee ukuta, umuulize, kofia iko wapi?"

Nami naujibu ukuta kwamba safari hii iko chini.