Mzee Kwenye Kerieri

Kinachonichosha mpaka leo ni watu kuniuliza kwa mshangao, "Kwani na wewe uliwahi kushindana?" Niliwahi. Niliogelea, nikaendesha baiskeli, nikakimbia, yote asubuhi moja, na yote kwa ajili ya kumridhisha mzee mmoja ambaye ndiye aliyeniharibia.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, kambi za wakimbizi zimejaa kuanzia Kibondo mpaka Kasulu na magari meupe ya mashirika yanatupulizia vumbi usoni kutwa nzima. Mimi nilikuwa kuli kwenye ghala la chakula nje kidogo ya mji wa Kasulu. Nilikuwa na mchumba. Baba yake alinisikiliza siku nilipokwenda na mjomba wangu kujitambulisha, akainywa pombe tuliyompelekea mpaka ikaisha, kisha akasema binti yake hataolewa na mtu anayetembea kwa miguu. Mahari itazungumzwa siku nitakapofika kwake na baiskeli yangu mwenyewe. Si ya kuazima. Hilo alilirudia huku akimtazama mjomba, ambaye alikuwa amekuja na ya kuazima.

Sasa wewe fikiria, kuli anapata wapi baiskeli? Nilikuwa bado najiuliza hivyo ndipo mzungu mmoja wa shirika, kijana mrefu aliyekuwa akikimbia barabarani kila asubuhi bila kufukuzwa na mtu, akatangaza mashindano. Kwanza kuogelea kuvuka bwawa, halafu baiskeli mpaka Makere, halafu kukimbia kukizunguka kijiji na kumalizia kwenye uwanja wa shule. Mwenyeji, mkimbizi, mfanyakazi, yeyote aje. Mshindi angepewa baiskeli mpya, ambayo fremu yake ilikuwa bado imeviringishwa makaratasi ya dukani. Nilipoiona imeegeshwa ukutani pale ofisini, niliona harusi yangu imeegeshwa.

Tatizo lilikuwa maji. Sisi Waha wa milimani maji tunayachota, hatuyaingii. Aliyenifundisha ni Mkongomani mmoja wa kambi ya Nyarugusu tuliyekuwa tukibeba naye magunia, mtu aliyezaliwa kando ya ziwa. Kila tukitoka kazini ananipeleka bwawani, mimi nakunywa tope, yeye anacheka. "Acha kupigana na mayi, grand frère," ananiambia, yaani kaka mkubwa. "Lala tu yulu yake." Nililala juu yake, nikazama. Nikalala tena, nikazama tena. Nilikuja kuelea siku nilipokasirika kiasi cha kutojali kama nitakufa, na tangu siku hiyo nikawa naogelea kwa hasira.

Baiskeli niliazima kwa binamu yangu. Aliitumia kubebea mahindi, kwa hiyo kerieri yake ilikuwa ya nondo, imechomelewa, juu imefungwa ukanda wa tairi. Peke yake ilikuwa na uzito wa mbuzi. Nilimwomba niing'oe kwa siku hiyo moja tu. Akanijibu kwamba baiskeli isiyo na kerieri ni chuma cha kuchezea watoto, na kama siitaki ilivyo niiache. Nikaichukua ilivyo.

Siku ya mashindano nilitoka majini nikiwa hai, jambo ambalo kwangu lilitosha kabisa kuitwa ushindi. Karibu wote walikuwa wameshaondoka. Lakini kwenye baiskeli hakuna aliyeniweza. Miguu ya kuli si ya mchezo. Nikampita karani wa ghala, nikawapita walimu wawili, nikawapita vijana wa mjini waliovaa miwani ya jua. Kupanda mlima nilisimama kwenye pedali, kushuka sikushika breki. Ilipobaki nusu ya njia mbele yangu alikuwepo Mkongomani peke yake, nami nilikuwa nauona mgongo wa fulana yake unakaribia. Nilijua nampita. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kualika watu.

Ndipo nikamwona mkwe wangu mtarajiwa.

Alikuwa anatembea pembeni mwa barabara, koti jeusi, fimbo mkononi, jogoo kwapani. Akageuka, akanitambua, akasimama. Sasa kwetu Buha humpiti baba wa mchumba wako ukiwa juu ya baiskeli, labda kama umeamua kuhama wilaya. Unashuka. Unailaza baiskeli. Unainama, unapiga makofi taratibu, unasalimia, unajibu, unasalimia tena, na mwenye kumaliza salamu ni yeye, si wewe. Nikashuka nikiwa na kaptura iliyolowa na namba iliyoandikwa kwa wino kifuani.

"Mwakeye, baba," nikasema.

Akaitikia. Akauliza nyumbani. Akauliza miguu ya mama yangu, mmoja baada ya mwingine. Akauliza maharage yametoa maua au bado, na mvua upande wetu ikoje. Wakati nayajibu maharage, vijana wenye miwani wakapita. Wakati najibu mvua, wakapita walimu. Karani wa ghala alinipungia mkono, mshenzi yule.

"Mzee, niko kwenye mashindano," nikasema mwishowe.

"Vizuri. Yanaelekea wapi?"

"Makere."

"Basi njia yetu ni moja," akasema, akaikamata kerieri, akapanda.

Ningefanya nini? Nikakanyaga. Mzee hakuwa mwepesi, na hakushuka kwenye kerieri hata mlima mmoja, eti magoti. Kwenye mteremko, mahali pekee ambapo uzito wake ungenisaidia, alinigonga mgongoni na fimbo nipunguze mwendo kwa sababu jogoo anaogopa. Kila tukikutana na mtu anayemfahamu ananiambia, "Simama kidogo, huyu ni shemeji yangu." Mzee yule alikuwa na mashemeji njia nzima.

"Mzee," nikamwambia nikihema, "mshindi anapewa baiskeli."

"Ndiyo hii?"

"Hapana, hii ni ya binamu."

"Ya kuazima," akasema, na bila hata kugeuka nilijua amekunja uso.

Makere akataka nimshushe palepale uwanjani penye watu, ili aonekane. Nikamshusha. Kisha nikakimbia kukizunguka kijiji, peke yangu, maana hakukuwa na wa kumkimbiza wala wa kunikimbiza. Watoto walionishangilia walikuwa wanadhani nimefukuzwa na nyuki. Nilipofika, Mkongomani alikuwa ameshaondoa makaratasi yote kwenye baiskeli yake mpya na anapiga kengele.

Mchumba wangu alikuwepo. Alikuwa amedanganya nyumbani kwamba anakwenda sokoni, akapanda lori la asubuhi aje anione nikishinda. Badala yake aliona baba yake akishuka kwenye kerieri yangu.

"Kwa nini hukumpita?" akaniuliza.

"Ni baba yako."

"Najua ni baba yangu. Mimi ndiye ninayeishi naye." Alikuwa anaongea taratibu, macho yamejaa machozi ya hasira. "Mama hawezi kumwambia hapana. Kaka zangu hawawezi. Nikadhani nimepata mtu mmoja."

Nilimtazama nikaona kwamba baiskeli haikuwa neno tena. Kilichokuwa kinaondoka pale uwanjani ni yeye.

Mzee akaja. Mzungu alikuwa amempa soda, bado alikuwa na chupa mkononi, na jogoo kwapani vilevile.

"Dada yangu niliyemfuata hayupo, amekwenda Kibondo," akasema. "Ukishapumua, kijana, unirudishe nyumbani."

Watu walikuwa wanatutazama. Binti yake alikuwa anatazama chini.

"Hapana, mzee," nikasema.

Akasogeza sikio. "Unasemaje?"

"Nimesema hapana. Nimechoka."

Nikainua baiskeli ya binamu, maana nilijua mahari yangu imekufa pale. Mzee akafunga kifungo cha koti, akashika barabara ya Kasulu kwa miguu bila kuniaga. Mchumba wangu akamfuata. Alipofika barabarani akageuka, akanitazama, akaendelea kutembea nyuma ya baba yake huku ameziba mdomo na khanga ili asisikike akicheka.

Baiskeli niliinunua mwenyewe baadaye, na mzee akanioza binti yake. Tumezaa. Lakini mpaka anaingia kaburini, kila penye msiba, kila penye harusi, kila mgeni akija, alinitambulisha vilevile: "Huyu ni mkwe wangu, aliyeniacha Makere na jogoo, nikarudi kwa miguu na umri huu." Na wageni wananitazama, wanatikisa kichwa. Aliyempeleka Makere hakumtaja hata siku moja.