Visheti Vilivyorudi Kwao

Siku ya Idi jirani yangu alituletea pilau. Kesho yake nikamshika mjukuu wangu mkono twende kurudisha sahani, apate kuona kwa macho maana ya kumpenda jirani kama Bwana alivyotuagiza. Huku kwetu Mji wa Kale sahani hairudishwi tupu, nami sikuwa nimepika kitu. Nikaijaza visheti nilivyopewa na mama wa nyumba ya chini.

Jirani akatia kimoja kinywani, akafumba macho, akatafuna polepole.

“Umepika mwenyewe, shoga?”

Nikaangalia dari. “Ah, nimejaribu tu.”

“Mashallah! Hata iliki umetia kama yangu. Ndivyo hivi nilivyompelekea mama wa chini juzi.”

Mjukuu akaruka kwa furaha. “Bibi, kama mwana mpotevu! Vimerudi kwao!”

Jirani alicheka mpaka akashika mlango. Njiani nikamwambia mtoto mambo haya tusiyatangaze. Akanijibu kwamba Jumapili mwalimu wao wa kanisani huwauliza wamejifunza nini wiki nzima.

Basi leo ni Ijumaa, nimeona nitubu hapa gazetini mwenyewe, kabla sijatubishwa.