Siku Niliyomzuia Zimamoto Mlangoni

Jamani, aibu zangu ni nyingi na nyingine nimeshazizoea, lakini hii ya ukumbini Timbwani, mpaka leo nikiikumbuka niko jikoni peke yangu hujifunika uso kwa leso, na hapo hakuna anayeniona isipokuwa paka. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine, maana najua watu wameshaitia chumvi (wako wasemao nilimpiga zimamoto kofi, na wallahi sikumpiga kofi, nilimsukuma tu).

Mnajua kwenye shughuli za wanawake mtaani kwetu mimi Mwanaidi ndiye ninayelinda mlango. Siku bibi arusi anapotolewa jukwaani aonwe, wanawake wakishaingia ukumbini huvua mabuibui, wakabaki na magauni yao, nywele zimetengenezwa, mikono imejaa michoro ya piko na dhahabu, basi hapo mwanamume hakanyagi, simu haipigi picha, na lazima awepo mtu mkali mlangoni. Mtu mwenyewe ni mimi. Nimewahi kumrudisha baba wa bibi arusi aliyekuja na keki mikononi, keki nikaipokea, yeye nikamwambia ende zake. Watu walinisifu sana kwa hilo, na mimi nikisifiwa kidogo tu, basi, kichwa hakipiti mlangoni.

Na shughuli ya siku hiyo haikuwa ya mtu baki. Bibi arusi alikuwa Rukia, mtoto wa mdogo wangu Zainabu, mimi ndiye mama yake mkubwa, nimemwogesha kwa mikono hii, na tangu mdogo ana pumu, vumbi kidogo tu kifua kinambana. Kwa hiyo nilipofika ukumbini baada ya sala ya adhuhuri nikajitia kupanga mambo yote mimi. Rukia nikamweka kwenye chumba kidogo nyuma ya jukwaa apambwe humo, asionwe na mtu mpaka wakati wake. Chumba kile kina milango miwili, mmoja unaingilia jukwaani na mwingine unatokea nje, uwanja wa nyuma. Nikawaona marafiki wa bwana arusi wanazungukazunguka huko nyuma, wanacheka, eti wametafuta kivuli, nikasema hawa mimi nawajua, hawa wamekuja kuchungulia. Nikawafukuza, nikaufunga ule mlango wa nje kwa kufuli, ufunguo nikautia kifuani.

Halafu likaja la chetezo. Walikileta kimejaa makaa na udi mzuri kutoka kwa wakwe, wakataka kukiweka chumbani kwa Rukia anukie. Nikasema hapana, mtoto ana pumu, moshi haumfai (hapa nilikuwa na akili, ziandikeni hizo, maana ndizo za mwisho). Nikakichukua mwenyewe nikakitia nyuma ya jukwaa, juu ya kigoda, chini ya yale mapazia ya kitambaa chepesi yaliyoshonewa maua ya plastiki, ili harufu itokee mbele taratibu na watu wasijue inatoka wapi. Mpambaji akaniangalia, akasema, "Bi Mwanaidi, makaa na pazia?" Nikamjibu, "Mimi nafukiza udi tangu wewe hujazaliwa."

Nikarudi mlangoni kwangu, nikakaa kitini, mguu juu ya mguu. Ilipofika alasiri ukumbi umejaa, ngoma inalia, wanawake wanacheza, mabuibui yao wameyatupa juu ya mkeka mmoja yamekuwa lundo kubwa jeusi. Mpambaji alikuwa ametoka kufuata pini za shela, kwa hiyo Rukia amebaki chumbani peke yake, amekaa anangoja kuitwa. Moshi ukaanza kutoka jukwaani. Sasa nyinyi fikirini, ukumbi mzima wa wanawake wa pwani, watu wazima, kila mmoja ana pua yake, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Bibi mmoja akafumba macho akauvuta ule moshi akasema, "Mashallah, wakwe wametoa udi wa maana." Mimi nami nikaongeza, kwa sauti, "Na aliyeufukiza ni mimi!"

Kumbe tunasifia pazia linaungua.

Moto ulipochomoza juu ya maua ya plastiki ndipo ukelele ulipopigwa, na hapo ikawa patashika. Watu hawakukimbilia mlangoni, walikimbilia mabuibui! Lundo zima jeusi, yote yamefanana, huyu anavuta hili, yule anasema hilo langu, mwenzake anavaa la mtoto linamfika magotini, na moshi sasa umekuwa mweusi na mchungu, macho yanatoka machozi. Mimi badala ya kusema "Tokeni jamani, stara Mungu anaijua," nikausimamia mlango, nusu nimeufunga, nakagua. Aliyejifunika, pita. Asiyejifunika, rudi ujifunike. Astaghfirullah, nilikuwa nikiwarudisha watu kwenye moshi.

Muuza duka wa ng'ambo ya barabara aliona moshi unatokea juu ya paa akapiga simu, na gari la zimamoto bahati nzuri lilikuwa upande wetu huu huu wa Likoni, halikuhitaji kungoja feri, likafika mara moja. Sikuliona likisimama. Nilichoona ni jitu limenijia mbio, kofia ngumu, koti kubwa mpaka magotini, mtungi wa hewa mgongoni, usoni barakoa ya kioo, linapumua kwa kishindo, linataka kuingia. Nikatandaza mikono miwili. Nikasema, "Simama hapo hapo, baba! Humu mna wake za watu!"

Likasema kitu ndani ya barakoa, sikusikia. Likanyoosha mkono kunisogeza. Nikalisukuma kifuani. Nyuma yangu moshi unatoka, mbele yangu watu wa mtaa wamejaa, waendesha bodaboda wamepanda juu ya pikipiki zao waone vizuri, na mimi nakaza, "Haingii mwanamume hapa, hata kama unawaka moto wa dunia nzima!"

Basi yule mtu akavua kofia. Akavua na barakoa. Zikatoka nywele zimesukwa mistari, vipuli vidogo masikioni, na uso wa msichana umelowa jasho. Akasema, "Mama, mimi ni mwanamke. Naitwa Kadzo. Nipishe." Na palepale moshi wa mlangoni ukampiga usoni, akakohoa mpaka akainama.

Ndani mtu akapiga kelele, "Kumbe mwanamke mwenzetu!" na kuna mmoja (simtaji, ni jirani yangu) akapiga kigelegele, moto unawaka.

Kadzo hakucheka. Aliwaambia wanawake kwa sauti kali watoke wote kama walivyo, na akawaita wenzake wa kiume waje na turubai la garini, wakalishika juu huku wamegeuza migongo, likawa ukuta, wanawake wakapita nyuma yake mpaka kwenye nyumba ya jirani, na hakuna mwanamume aliyeona hata kisigino. Mambo niliyokuwa nikiyapigania mimi kwa ngumi, wao waliyafanya kwa turubai. Halafu akanishika bega akaniuliza, "Nani amebaki ndani?"

Nikafungua mdomo niseme hakuna. Hapo ndipo nilipomkumbuka Rukia.

Jamani! Muda wote ule nalinda mlango, mtoto wangu yuko chumbani nyuma ya moto, mlango wa ndani umezibwa na jukwaa linaloungua, na mlango wa nje nimemfungia mimi kwa mkono wangu. Nikasema, "Bibi arusi. Chumba cha nyuma. Ana pumu." Akasema, "Ufunguo?" Nikatia mkono kifuani, haupo. Ulikuwa umeteremka. Nikatafuta kushoto, nikatafuta kulia, nikaona hapa sina budi, nikaanza kurukaruka na kujitikisa mbele ya mtaa mzima, buibui juu, mikono hewani, na mwendesha bodaboda mmoja akasema, "Bi Mwanaidi anacheza chakacha!" Watu wakacheka. Mimi nalia, naruka, nasema Rukia, Rukia, mpaka ufunguo ukaanguka miguuni.

Kadzo aliudaka hata haujatulia chini. Akavaa barakoa yake mbio mbio, tukazunguka nyuma, mimi peku. Kufuli likafunguka, moshi ukamwagika nje mzito kabisa. Nikataka kuingia, akanizuia kwa mkono mmoja, akasema, "Ukiingia nitabeba wawili." Nikasema, "Lakini hajajifunika, na wenzako wanakuja..." Wallahi nililisema hilo. Nyinyi niambieni, mtu wa namna gani huyu? Naye hakunitukana, alinyoosha mkono akasema, "Basi nipe leso yako, mama." Akaichovya kwenye maji ya mpira wa kuzimia moto uliokuwa ukiburutwa na wenzake, akainama chini kabisa akaingia kwa magoti.

Hesabu ya dakika siijui. Najua nilisoma kila sura ninayoijua na nyingine nikazichanganya. Zainabu mdogo wangu alikuja akasimama kando yangu, akaniuliza, "Dada, nani kaufunga mlango huu?" Nikazidi kusoma kwa sauti.

Kadzo alitoka naye amembeba, Rukia amefunikwa leso kichwa na mabega, mikono yenye piko inaning'inia, na shela lote limekuwa jeusi. Wale wenzake tayari wameleta turubai lao wamegeuza migongo. Tukamvamia. Mmoja wetu anataka kumlaza, mwingine ameleta bilauri ya maji amnyweshe, na shangazi yake upande wa baba, kwa nia njema tu, akaagiza uletwe ubani afukizwe azinduke! Kadzo akasema, "Msimpe kitu kinywani, msimlaze, na moshi mwingine sitaki kuuona." Akamkalisha wima, mgongo umeegemea kifua chake, mwenzake akamtia oksijeni puani, wakawa wanamwambia, "Vuta, mama, pole pole, toa." Kifua cha Rukia kinapiga filimbi, midomo imekuwa ya kijivu. Kisha kidogo kidogo midomo ikarudi rangi. Akafumbua macho, akaniona, akasema, "Mama mkubwa, niligonga mlango sana."

Hayo maneno ndiyo yanayonikata mpaka leo, si ile chakacha.

Moto wenzake walishauzima, ambulansi ikaja kumchukua Rukia. Na hapo ndipo nilipomwona Kadzo amekaa chini kando ya gari, kofia mapajani, anakohoa, kikohozi kisichokwisha, mpaka naye wakamtia oksijeni. Mkubwa wao, mzee mmoja mwenye mvi, akamjia kwa ukali. "Sheria yetu unaijua. Penye moshi barakoa haivuliwi. Ulivua kwa nini?"

Kadzo akaangalia chini. Akasema, "Nilichelewa kidogo mlangoni, mkubwa."

Basi. Hakunitaja. Nimesimama hatua tatu kutoka kwake, angenyoosha kidole tu, na mtaa mzima ulikuwa umeona, lakini msichana yule alinisitiri. Mimi niliyeshinda kutwa nzima nikijidai mlinzi wa stara, aliyenisitiri ni mtu niliyemsukuma. Nikaona nikinyamaza hapa basi mimi si mtu. Nikapiga hatua mbele ya wote, wakwe wako hapo, Zainabu yuko hapo, nikasema, "Baba, barakoa nimemvulisha mimi. Chetezo nimekiweka mimi. Na mlango nimeufunga mimi." Hata wa bodaboda hawakucheka. Zainabu alinitazama, halafu akapanda ambulansi na mwanawe bila kunisemesha, na hakunisemesha siku tano.

Rukia alilala hospitali siku mbili, akapona, akaolewa kwa nikaha ya watu wachache, bila jukwaa wala udi. Kadzo naye daktari alimpumzisha kazi wiki nzima. Nilipata habari hiyo kwa muuza duka, nikaona nitakaaje tu, nikakanda mahamri, nikapika mbaazi, nikaenda kituoni kwao siku aliyorudi. Nikamkuta anaosha magwanda, kwa sababu, alinieleza, moshi ukibaki kwenye nguo unawadhuru wao polepole, miaka na miaka, na wao huzifua kila wanaporudi. Sikuwahi kufikiri kwamba moto ukizimwa kwetu wao wanakwenda nao nyumbani.

Nikasema, "Mwanangu, nimekuja kuomba radhi."

Akacheka, na kucheka kukamletea kikohozi. Akasema, "Mama, tangu niingie kazi hii kila mtu ananiambia si kazi ya mwanamke. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia mimi si mwanamke."

Tukacheka wote mpaka machozi. Halafu nikamuuliza kama ana watoto. Akasema anaye mmoja, wa miaka mitatu, anakaa na bibi yake huko Mtongwe. Kicheko kikanikatika. Nikamtazama anavyokung'uta koti lile zito, nikafikiria mtoto wa miaka mitatu anangoja mama yake arudi kutoka kazini, na mimi nimetandaza mikono mlangoni.

Kazi ya kulinda mlango sijaiacha, watu bado wananiita, ingawa wengine nadhani wananiita wapate kunicheka. Lakini chetezo sasa ninakiweka uwanjani, mbali na kitambaa chochote, na ndoo ya mchanga kando. Milango yote inabaki bila kufuli, na bibi arusi hakai peke yake hata kidogo. Wanaume wa kuchungulia wachungulie, watajibu wenyewe kwa Mola wao. Na akija zimamoto, awe mwanamke, awe mwanamume, awe jini, wallahi apite.