Ledi Hapigi Kelele

Kwenye chumba cha dobi cha hospitali tulikuwa wanawake sita, na mmoja wetu tulimwita Spika. Hakuna aliyemwonea. Mashine tatu kubwa za kufulia zikinguruma pamoja, na ile ya kukamulia ikitetemesha sakafu, sisi wengine tulizungumza kwa mikono. Yeye alisimama mlango wa nyuma, akamwita mtu wa toroli aliye mlango wa mbele, na mtu akaitika. Sauti hiyo hakuiacha kazini. Alikwenda nayo sokoni, msibani, hata kwa daktari wa meno. Ukimwomba anong'one, alinong'ona, na watu wa chumba cha pili wakaijua siri yako.

Mimi na yeye tulikunja mashuka pamoja miaka kumi na tisa. Shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Mnashika pembe mbilimbili, mnalivuta, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Kwa siku mnatazamana uso kwa uso mara mia mbili. Ndiyo maana mambo yake nayajua kuliko hata marehemu mumewe alivyoyajua, na ndiyo maana nina haki ya kumkasirikia.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti. Binti alipokuwa darasa la nne uliitwa mkutano wa wazazi shuleni. Spika akasimama kuuliza kuhusu vyoo vya watoto, swali la maana kabisa, na kabla hajalimaliza ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Hawakulicheka swali, waliicheka sauti. Kesho yake aliponisimulia, jinsi binti yake alivyojiinamia asionekane, machozi yalimlengalenga, na Spika si mtu wa machozi ya karibu.

"Mimi ni mwanamke tu," aliniambia tulipokutana katikati ya shuka. "Mwanamke ni kuzaliwa hivyo basi, hujafanya kazi yoyote. Lakini yule mtoto atakuwa ledi, nakuapia."

"Na ledi ndiye nani?"

"Ledi hapigi kelele."

Nilicheka. Laiti ningemkata kauli siku ile ile.

Alimfundisha mtoto kwa njia aliyoijua, yaani kwa kufoka. "Punguza sauti!" aliunguruma, na majirani watatu wakapunguza redio. Mtoto akianguka akataka kulia, aliambiwa ameze. Akameza. Akajifunza kupiga chafya bila mlio, kufunga mlango bila mlio, kukohoa ndani ya kiganja. Mwaka mmoja jino lilimuuma wiki nzima na hakuna aliyejua mpaka shavu lilipovimba. Spika alikuja kazini anatamba: "Wiki nzima, shoga, hata kuguna!" Tulimpongeza sote, nami nikiwemo.

Binti akakua, mrefu, mtaratibu, mtu wa tafadhali na samahani. Akapata kazi ya mapokezi katika ofisi ya mawakili. Akaolewa na kijana mpole ambaye mama yake alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama wa miwani na mkoba wa mkononi, mtu wa maneno machache yaliyopangika. Huyo mama hakuwa na ubaya wowote, niseme kweli. Lakini Spika alimwogopa kuliko alivyomwogopa msimamizi wetu. Mbele yake alikaa mikono mapajani, akijibu ndiyo na hapana, kama mtu aliyeazima kiti. Nilikuwa naona uchungu kumtazama.

Alhamisi moja, saa mbili asubuhi, binti aliletwa hospitalini kwetu kujifungua. Spika akaomba ruhusa, akavua sare ya kazi, akavaa lile gauni la bluu aliloshona kwa ajili ya harusi, akapanda juu. Akakaa na mkwe wake, yule Mwalimu, kwenye benchi nje ya mlango wa leba. Ndani kulikuwa na vitanda saba na mkunga mmoja, kwa sababu mwenzake alikuwa mgonjwa. Mkunga mmoja kwa vitanda saba hukimbilia kule anakoitwa. Simlaumu, au namlaumu kidogo tu.

Saa sita nilipanda kuchukua mafurushi ya mashuka machafu. Ndani wanawake walikuwa wanalia kila mmoja kwa namna yake; huyu anamwita mama yake, huyu anamlaani mumewe na ukoo wake wote. Spika akanivuta mkono, uso unamng'aa.

"Unasikia?"

"Nasikia makelele."

"Ya wenzake. Wangu humsikii." Akamgeukia mkwe wake, akasema kwa kile alichodhani ni mnong'ono: "Mkwe, mwanangu halii. Ndivyo nilivyomlea."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akasema kweli, mtoto amelelewa. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona Spika na furaha kama ile, hata siku ya harusi.

Nikaingia. Binti alikuwa kitanda cha kwanza, pale pale mlangoni. Ameuma pembe ya shuka, jasho linamchuruzika mpaka masikioni, na midomo imepauka. Mkunga alipita mbio akamuuliza, "Wewe vipi, dada?" Binti akalitoa shuka mdomoni. "Naendelea vizuri, asante." Mkunga akaenda kwa yule aliyekuwa anapiga ukuta kwa ngumi. Mimi nimezaa wanne. Uso ule haukuwa wa mtu anayeendelea vizuri.

Nilitoka nikamwinamia Spika sikioni. "Shoga, ingia ufoke. Mwite daktari. Mwanao hayuko sawa."

"Leo sifoki," akasema. "Mkwe yupo."

"Achana na mkwe!"

"Punguza sauti, basi," akaniambia mimi. Spika huyo.

Na mimi nilifanya nini? Mdomo ninao, na wala si mdogo. Lakini nilinuna. Nikajiambia, kama mama mzazi ameridhika, mimi ni nani? Nikasukuma toroli langu mpaka kwenye lifti, nikashuka kufua. Nimelifikiria jambo hilo kila siku tangu hapo, na sijapata la kujitetea.

Saa tisa na nusu daktari alipita kukagua wagonjwa, akamfikia, akafunua shuka. Mfuko wa uzazi ulikuwa umepasuka. Wakamkimbiza chumba cha upasuaji, Spika anakimbia nyuma ya kitanda na viatu mkononi. Mtoto alitolewa amekwisha kufa. Alikuwa wa kike. Mfuko nao wakautoa, ili wamwokoe mama. Wakamwokoa. Daktari alimuuliza mkunga kwa nini hakuitwa mapema, mkunga akajibu huku analia, "Hakusema kitu, dokta. Kila nilipomuuliza alinishukuru."

Furushi la kitanda kile lilishuka kwetu jioni. Nililifua peke yangu, wenzangu wamesimama tu.

Spika alirudi kazini baada ya wiki mbili. Alifoka vilevile, maana mashine hazina habari na msiba wa mtu, lakini tulipokutana katikati ya shuka alitazama pembeni. Kilichokuwa kinamtafuna ni kwamba binti hakumlaumu. Alimpigia simu kila siku, na kila siku binti alipokea, akamjulia hali, akauliza kama miguu bado inamvimba, akamtakia kazi njema.

"Bora angenitukana," Spika aliniambia. "Nitamwendea anitukane. Twende wote, peke yangu siwezi."

Tukaenda Jumapili alasiri. Mume alikuwa ametoka. Binti alitufungulia mlango, akatuamkia, amekonda mpaka gauni linampwaya. Sebuleni, pale walipokuwa wameacha nafasi ya kitanda cha mtoto, walikuwa wameweka meza ya kupigia pasi. Akatuletea chai, akatupa visahani, akauliza habari za dobi. Nilimjibu mimi, maana mama yake alikuwa anakitazama kikombe tu.

Spika alivumilia nusu kikombe. Kisha akashuka kitini, akapiga magoti, mama mzima mbele ya mwanawe, akalia kwa sauti yake yote.

"Nipigie kelele, mwanangu! Nitukane! Niambie nimekuulia mtoto, uniambie nisikie!"

Binti alimshika kwapani, akamwinua taratibu, akamrudisha kitini. Akangoja mpaka kwikwi zikapungua.

"Nilitaka kulia, mama," akasema. "Tangu asubuhi nilijikaza. Ilipofika saa sita nikashindwa, nikafungua mdomo nilie. Ndipo nikakusikia nje ya mlango unamwambia mama mkwe kwamba mwanao halii."

Akainama, akampangusa mama yake vumbi magotini.

"Ulikuwa na furaha sana, mama. Nikaona nisikuaibishe."

Aliyasema hayo kwa sauti ya chini, bila hasira hata chembe. Kisha akachukua birika, akamuuliza mama yake kama amwongezee chai.